Barua kwa mwanangu: sarafu ipi imepandishwa bei, ipi imesahaulika

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na picha zote tano zinaonekana vizuri. Umeuliza, kati ya sarafu hizo tano ulizoonyeshwa, ipi imepandishwa bei kupita kiasi na ipi inauzwa chini ya inavyostahili. Umezitaja hivi: seti iliyopakwa dhahabu, riale ya Maria Theresa ya 1780, Silver Eagle ya Marekani yenye daraja 70, dola ya fedha ya Marekani iitwayo Morgan, ya 1884, yenye herufi CC, na sovereign ya dhahabu ya Uingereza. Nitazijibu zote, ila sitazipa nafasi sawa, maana za mwanzo hazina maneno mengi.

Seti iliyopakwa dhahabu iache. Upakaji wa namna hiyo mara nyingi huwa na unene wa mikroni 0.1 hivi. Chukua sarafu yenye kipenyo cha milimita 30, jumlisha eneo la pande mbili na ukingo, utapata kama sentimita mraba 16. Dhahabu iliyopakwa hapo haifiki hata gramu 0.004. Unachonunua ni sanduku la mahameli na cheti, na cheti chenyewe kimetolewa na yuleyule anayeuza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena upakaji umeshaiharibu sarafu ya asili iliyo chini yake, kwa hiyo hata mkusanyaji ambaye angeitaka ikiwa safi hataigusa.

Riale ya Maria Theresa ni sarafu nzuri inayouzwa kwa maelezo ya uongo. Malkia huyo alifariki 1780, lakini sarafu yenye mwaka huo imeendelea kupigwa mpaka zama zetu, Vienna na kwa vipindi London, Roma, Bombay na kwingineko, kwa mamia ya mamilioni. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha safi iliyomo ni gramu 23.39. Bei ya haki ni thamani ya hiyo fedha na nyongeza kidogo. Muuzaji akidai ina zaidi ya miaka 200, akuonyeshe alama za toleo la kale. Zipo, na wanaozikusanya huzisoma kwenye manyoya ya mkia wa tai na kwenye kishikizo cha vazi begani kwa malkia. Kama hawezi kuzionyesha, lipa bei ya fedha tu.

Silver Eagle ndiyo inayowanasa wengi wenye akili zao, kwa sababu kila kitu kuhusu sarafu hiyo ni kweli. Ina wakia moja ya fedha, gramu 31.1, imepigwa tangu 1986, na daraja 70 ni la juu kabisa katika kipimo kinachoanzia 1. Tatizo ni nyongeza unayolipa kwa hiyo 70. Daraja hilo maana yake ni kwamba mkaguzi hakuona kasoro kwa lenzi inayokuza mara 5, na kati ya 69 na 70 jicho lako halitaona tofauti yoyote. Sarafu za siku hizi hutoka kiwandani zikiwa karibu kamili, kwa hiyo kila mwaka 70 nyingine zinaongezeka sokoni. Halafu kuna madoa meupe kama matone ya maziwa, ambayo hujitokeza kwenye sarafu za fedha za kisasa hata zikiwa ndani ya kasha la plastiki la mkaguzi, miaka kadhaa baada ya kununuliwa. Yakitokea, ile nyongeza imekwenda. Ukiipenda Silver Eagle, nunua isiyo na kasha, kwa bei iliyo karibu na fedha yake.

Sasa tufike kwenye Morgan, maana hapo ndipo swali lako lilipo hasa. Watu wakitafuta uhaba hutazama mwaka, au hutazama idadi iliyopigwa. Vyote viwili hupotosha. Kinachoamua ni ngapi zimebaki, katika hali gani, na wangapi wanazitaka. Kanada ilipiga senti 50 za 1921 zipatazo 206,398, lakini karibu zote ziliyeyushwa, na leo zilizobaki zinakadiriwa kuwa chini ya 100.

Dola yako ya 1884-CC ilipigwa Carson City, na jumla yake ni 1,136,000. Si nyingi kwa dola za Morgan. Lakini nyingi zilikaa kwenye mifuko ya hazina ya serikali ya Marekani bila kutumika, na serikali ilipoziuza kwa umma kati ya 1972 na 1980, za 1884-CC pekee zilikuwa zaidi ya 960,000. Yaani katika kila 100 zilizopigwa, 84 hivi bado zipo na hazijawahi kununua hata mkate. Mwaka huohuo San Francisco ilipiga 3,200,000, karibu mara tatu, zenye herufi S. Hizo ziliingia mitaani zikachakaa. Ya 1884-S iliyochakaa ni rahisi, lakini ambayo haijatumika ni adimu mno na bei yake iko mbali sana na ya CC.

Kwa hiyo jibu langu juu ya CC: ukilinganisha na wingi wake, bei imezidi, kwa sababu jina la Carson City lina wapenzi wengi. Sikukatazi kuinunua, maana wapenzi haohao ndio watakaokurahisishia kuiuza. Usikubali tu kuambiwa ni adimu.

Na ile 1884-S ndiyo yenye mtego. Kwa kuwa kati ya iliyotumika kidogo sana na isiyotumika kuna pengo kubwa la bei, wapo wanaosugua au kuosha ya kwanza ili ipite kama ya pili. Ishike kwa ukingo chini ya taa moja, uigeuzegeuze polepole. Sarafu isiyotumika ina mng'ao unaozunguka kama mkono wa saa, bila kukatika. Iliyotumika, mng'ao huo unakatika kwenye sehemu zilizoinuka: shavu la Liberty (mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu), nywele zilizo juu ya sikio lake, na kifua cha tai upande wa pili. Hapo rangi huwa kijivu, imefifia. Usichanganye na chapa iliyopigwa kwa nguvu ndogo: hiyo huacha nywele bila mistari, lakini mng'ao unapita juu yake. Ukiona mistari myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja, imesuguliwa.

Fahamu pia kwamba uhaba unaweza kufa siku moja. Morgan ya 1903-O, ya New Orleans, ilihesabiwa kati ya zilizo adimu kabisa mpaka mwisho wa 1962, hazina ilipofungua mifuko yake. Bei ikaporomoka mara moja, na waliokuwa wamenunua kwa bei ya juu hawakuwa na wa kumlaumu.

Zilizosahaulika ziko wapi? Ziko kwenye aina ambazo wakusanyaji wake ni wachache. Senti ya Marekani ya 1909-S VDB (S ni San Francisco, VDB ni herufi za jina la mchoraji) ilipigwa 484,000, na kila mwenye albamu ya senti anaitaka, kwa hiyo bei yake haishuki. Robo dola za Seated Liberty, zenye picha ya Liberty aliyeketi, zilizopigwa Philadelphia kati ya 1879 na 1889 hazikuzidi 20,000 kwa mwaka wowote. Ya 1881 ilikuwa 12,000 hivi. Ni mara 40 chache zaidi, na kwenye madaraja ya chini bado unaweza kuipata kwa pesa pungufu kuliko hiyo senti. Mimi nikiwa na pesa ya sarafu moja tu ningechukua robo dola, iliyochakaa kwa haki, isiyooshwa, yenye mwaka unaosomeka. Lakini nikwambie wazi, inaweza kukaa na bei hiyohiyo miaka 20, kwa sababu wapenzi hawaji kwa kuitwa.

Sovereign nimeibakiza kwa makusudi, maana hapo unaweza kupata kitu. Sovereign ya kawaida ni gramu 7.99, kipenyo milimita 22.05, na ndani yake kuna gramu 7.32 za dhahabu safi. Wauzaji wengi wa dhahabu huziuza zote kwa bei moja bila kuzigeuza. Wewe zigeuze. Kwa zile zenye Mtakatifu George na joka, tazama ardhi iliyo chini ya farasi, juu kidogo ya mwaka. Herufi M ni Melbourne, S Sydney, P Perth, SA Pretoria, I Bombay, C Ottawa. Ya C ya 1916 ilipigwa 6,111 na nyingi ziliyeyushwa. Ikichanganyikana na nyingine kwa bei ya dhahabu, umeokota. Ya 1917 isiyo na herufi, ya London, inaandikwa kwamba ilipigwa zaidi ya milioni moja, ila ni adimu kwa sababu nyingi zilipelekwa Marekani kulipia vita zikayeyushwa. Hiyo ndiyo inayoghushiwa sana, na baadhi ya zilizoghushiwa ni za dhahabu halisi, kwa hiyo mizani peke yake haitakuokoa. Hapo dai kasha la PCGS au NGC, kampuni mbili zinazokagua sarafu na kuzipa madaraja, kisha uhakikishe namba ya kasha kwenye tovuti yao na ulinganishe picha, maana hata makasha yanaghushiwa.

Kwa sarafu nyingine tafuta mizani ya vito inayosoma gramu 0.01. Weka kikombe cha maji juu yake, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame bila kugusa chini. Namba itakayotokea ni ujazo wake. Morgan ya gramu 26.73 itaonyesha kama 2.6, sovereign kama 0.46. Ikizidi sana hapo, metali yake si yenyewe. Ondoa mapovu ya hewa kabla ya kusoma, kwa sovereign hata povu moja linaharibu hesabu.

Na kabla hujakubali bei, hesabu ya kuuza. Tuseme umelipa 1,000 mnadani, na mnada umeongeza asilimia 20 juu ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa ukumbini. Nyundo ilikuwa 833. Ukiiuza kesho kwa nyundo hiyohiyo na kukatwa asilimia 10, utapokea 750. Ili urudishe pesa yako, bei lazima ipande kwa theluthi moja. Ndiyo maana bei za kufuata ni zile zilizolipwa kweli kwenye minada ya karibuni, kwa daraja lilelile, na kitabu cha bei kiwe cha kutafutia majina tu.

Usizioshe kwa chochote, isipokuwa kwa jambo hili moja. Ukikuta utando wa kijani unaonata kutokana na plastiki ya zamani, loweka sarafu kwenye asetoni safi ndani ya glasi, dakika chache, kisha kwenye asetoni nyingine mpya, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta.

Ukiipima sovereign, nitumie uzito, kipenyo, na picha ya upande wa farasi, taa ikiwa pembeni ili herufi ionekane. Na CC, kama imo kwenye kasha la serikali la yale mauzo ya hazina, isitolewe humo, sehemu ya bei yake iko humo.

Mama yako