Dadako aliyeacha dawa: usiwaache waseme maradhi yamerudi kabla hujaangalia hili

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesema dadako wa Faza, kisiwani Pate, alitumia setralini, dawa ya sonona, zaidi ya mwaka, akajiona mzima, akaacha, na siku chache tu baadaye akaanza kizunguzungu, kichefuchefu, kulia ovyo na "umeme kichwani". Nyumbani kuna wanaosema ugonjwa umerudi na wanaosema ni pepo. Mimi niko Amu, yaani Lamu mjini, na nimepita njia hiyo hiyo kwa dawa hiyo hiyo, kwa hivyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

Huo umeme naujua. Mimi ulinijia nikizungusha macho, hata kichwa sijakigeuza. Napita kichochoro cha Langoni, punda anakuja na mzigo wa mchanga, natupa jicho pembeni nipate ukuta wa kujibanza, mara ndani ya kichwa panapiga, na kwa nukta moja ni kama dunia imekatika ikaungwa tena. Hauumi. Lakini ukikupiga mchana kutwa unaanza kuogopa kutoka nje. Usiku nako ni ndoto nzito na jasho, na asubuhi hasira juu ya kila mtu nyumbani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Nilipokuwa na sonona sikuwa na kizunguzungu wala umeme. Nilikuwa sina hamu: ya chakula, ya watu, ya kuoga. Haya mengine yalikuja dawa ilipoondoka. Muulize dadako hivyo hivyo: je, haya aliyo nayo leo aliwahi kuwa nayo kabla ya kuanza dawa? Na yalianza lini? Maradhi yenyewe yakirudi, mara nyingi huja taratibu, kwa wiki au miezi. Mwili uliokatiwa dawa hulalamika ndani ya siku chache, na kwa kawaida ukirudishiwa hutulia upesi. Katika dawa nyingine za sonona, fluoksetini ndiyo huchelewa kuleta malalamiko hayo, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu. Paroksetini na venlafaksini hazingoji.

Majirani wakisikia mtu ana arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea, mawazo yao yanakwenda kwenye unga, yaani heroini, moja kwa moja. Usikubali dadako abebeshwe hilo. Haitamani dawa, haongezi dozi, hatafuti kulewa. Ubongo wake umezoea kufanya kazi pamoja na dawa, umenyang'anywa ghafla, na unahitaji muda wa kujipanga upya.

Mimi niliambiwa na aliyenihudumia mara ya kwanza nikate nusu kwa muda mfupi kisha niache. Ushauri wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida, hata Uingereza. Miongozo yao ya matibabu ilikuwa ikisema dalili hizi ni nyepesi na huisha kwa wiki moja hivi. Mwaka 2019 ikarekebishwa, ikakubaliwa kwamba kwa baadhi ya watu huwa kali na huendelea kwa wiki nyingi au miezi. Mwaka huo huo watafiti wa dawa za akili, Mark Horowitz na David Taylor, walieleza kwa nini vipande vya mwisho ndivyo vinavyotesa. Chukua sitalopramu, ndugu yake setralini. Miligramu 20 hushika karibu asilimia 80 ya sehemu za ubongo inazozilenga. Shuka hadi miligramu 5 hivi, bado inashika karibu 60. Maana yake robo ile ndogo unayoiona si kitu imebeba kazi kubwa, na ukiruka kutoka hapo hadi sifuri umeruka kutoka ghorofani.

Kwa hivyo niliporudishwa kwenye dozi na muuguzi wa kliniki ya akili, tulishuka polepole, na kadiri nilivyokaribia chini ndivyo hatua zilivyozidi kuwa ndogo. Nilikata kidonge kwa wembe mpya juu ya sahani, nikangoja mwili utulie ndipo nishuke tena. Kumeza leo na kuruka kesho alinikataza, kwa sababu dawa inapanda na kushuka kwenye damu na mateso yanaanza upya kila mara. Jambo jingine la huko visiwani: kusi likivuma boti za Faza si za kutegemea, basi asianze kupunguza kabla hana vidonge vya kutosha ndani ya nyumba.

Kisomo hakina ubaya. Mimi nilisomewa na nikanywa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa, na moyo ulipata utulivu. Ila kisomo na kliniki viende pamoja.

Leo mpelekeni kliniki na pakiti zote za dawa alizokuwa akimeza, hata zilizo tupu. Angalieni kama kuna diazepamu, ile Valium, au dawa ya kifafa. Hizo zikikatwa ghafla zinaweza kuleta degedege, na degedege huua. Akianza kutetemeka sana, kuona visivyokuwapo, au kusema hataki kuishi, msingoje kliniki wala boti ya asubuhi. Tafuteni chombo chochote mumfikishe hospitali, na asiachwe peke yake njiani.

Niandikie alikuwa akimeza miligramu ngapi na aliacha siku gani. Hayo mawili ndiyo watakayouliza kwanza.