Meno ya kahawia si ya kung'oa
Dada, unataka kung'oa meno yako ya kahawia upandikizwe mengine? Usiyang'oe. Ukahawia wa maji ya huku Meru, Arusha, unaletwa na floraidi, madini yaliyomo majini, nao uko kwenye ganda la nje la jino. Mzizi ni mzima, na hakuna jino la kupandikiza linaloushinda mzizi wako mwenyewe. Jino la kupandikiza ni skrubu ya titani ndani ya taya, na mara nyingi unangoja miezi 3 hadi 6 ishikane na mfupa. Mimi mzaliwa wa Maji ya Chai: daktari alisugua ganda kidogo, akalifunika kwa dawa ya rangi ya jino, sasa nacheka bila kuziba mdomo. Kama jino linacheza au limeoza hadi mzizini, hapo piga eksirei kwanza. Na meno ya wanao wanaokunywa maji hayo je? Kuchemsha maji hakuondoi floraidi.