Labirinti ya Kwaresima: tuzunguke mara ngapi ndo ombi lijibiwe?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo mwalimu. Niko Tanga, jumuiya yetu tunataka kuchora labirinti, ile njia inayozungukazunguka mpaka katikati, uwanjani tuitembee tukisali Kwaresima hii. Kuna mtumishi anasema lazima tuzunguke mara saba, peku, na ukikanyaga mstari ombi linaharibika unaanza upya. Anatuuzia na chumvi ya kunyunyiza katikati. Ni kweli?

JIBU: Milele amina, mama. Si kweli, na chumvi msinunue.

Huku Bagamoyo vikundi vya hija na mafungo vinapita sana na kila Kwaresima swali ni lilelile, watu wanataka namba. Mara ngapi, saa ngapi, uanze na mguu upi. Jamani, njia haina nguvu yoyote, ni chokaa tu chini! Anayesikia ni Mungu na anakusikia hata ukiwa unasonga ugali. Labirinti kazi yake ni kututuliza sisi: njia ni moja, haina njia panda wala sehemu iliyozibwa, kwa hiyo huna cha kuchagua, miguu inaenda yenyewe na kichwa kinapumzika, unaweza kubaki na mstari mmoja wa Zaburi ya 51 kuanzia mlangoni mpaka katikati na kurudi. Ukikanyaga mstari endelea. Ukijikuta umeruka njia umetokea mlangoni, ingia tena au kaa pembeni usali, hakuna kilichoharibika. Peku ni hiari yenu, ila fagieni vipande vya chupa kwanza.

Hiyo saba nadhani najua alikoiokota. Mchoro rahisi, ambao ndo unaowafaa nyie, una mizunguko saba na unaanza kwa kuchora msalaba, mkiipa njia nusu mita uwanja wa mita tisa kwa tisa unatosha. Ni hesabu ya mchoro, si ya sala. Ile ya kanisa la Chartres kule Ufaransa, ya karne ya 13, ina mizunguko 11, upana karibu mita 13 na njia yake mita 260 hivi, na hakuna anayeambiwa airudie mara 11.

Kuna watakaowaambia ni upagani. Mchoro kweli ni wa kale kuliko Ukristo, upo hata kwenye sarafu za Knossos, mji wa kale wa kisiwa cha Krete, ila Kanisa liliuchukua mapema na tena hukuhuku Afrika, Algeria, kwenye sakafu ya kanisa lililoanzishwa mwaka 324, na katikati yake herufi zinasomeka Kanisa Takatifu.

Upagani ninaouogopa mimi ni huo wa chumvi. Leo chumvi, kesho maji, keshokutwa mafuta, na kila kimoja kina bei yake na masharti yake, ukikosa unaambiwa imani yako ndogo kaongeze hela. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Watu 20, walioenda kusali! Mtu akiwapangia bei ya ombi, au akisema Mungu hawasikii mpaka mfanye moja mbili tatu alizotunga yeye, ondokeni hapo hata kama anataja jina la Yesu kila sentensi. Na huyo wenu mwambieni paroko mapema, maana mkimkatalia nyie atahamia jumuiya ya jirani.