Kabla ya Kukabidhiwa Kisu: Kwa Madaktari Wanaoanza Mafunzo ya Upasuaji

Daktari aliyemaliza intani, yaani mazoezi ya kazi baada ya shahada ya kwanza, na kupata leseni ana njia mbili kuu za kuwa bingwa wa upasuaji hapa Tanzania. Ya kwanza ni ya chuo kikuu, inayojulikana kama MMed, yaani shahada ya uzamili ya udaktari, ambapo mwanafunzi huandika tasnifu huku akifanya kazi katika hospitali ya kufundishia kama vile Muhimbili, KCMC au Bugando. Ya pili ni ya COSECSA, yaani Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Chuo hicho hakina madarasa: mwanafunzi hujifunzia katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya bingwa anayefanya kazi humo, kwa miaka 2 ya awali inayoishia kwenye mtihani wa uanachama, kisha miaka mingine 3 au zaidi kabla ya mtihani wa feloshipu, ambayo ndiyo ngazi ya ubingwa.

Nilipita njia ya pili. Wanaoniuliza ipi bora huwauliza nami: hospitali unayokwenda ina mabingwa wangapi, na mgonjwa akiletwa saa nane usiku, nani kati yao atakuja? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko jina litakaloandikwa kwenye cheti.

Jambo la pili ni logibuku, yaani daftari la kumbukumbu za upasuaji ulioshiriki. Kila upasuaji huandikwa pamoja na nafasi uliyokuwa nayo: ulisaidia, ulifanya msimamizi akiwa mezani pamoja nawe, au ulifanya mwenyewe naye akiwa karibu. Mwaka wa kwanza niliacha kuijaza kwa miezi mitatu, nikijiambia kuwa rejista ya thieta, yaani chumba cha upasuaji, ipo. Nilipoifungua rejista hiyo nilikuta mara nyingi limeandikwa jina la bingwa peke yake, na msimamizi wangu akakataa kutia sahihi upasuaji asioukumbuka. Nilinuna wiki nzima, ingawa haki ilikuwa yake.

Kufunga mafundo hakuhitaji maelezo marefu. Omba mabaki ya nyuzi kwa muuguzi wa thieta, funga kwenye mguu wa kiti, na mkono wa kushoto usiusahau.

Kinachowachosha wengi ni kushika retrakta, kifaa cha kuvuta kando kingo za jeraha, kwa saa nyingi, na ndipo wengi hulala macho wazi. Usiku mmoja tulimfungua mzee ambaye utumbo wake ulikuwa umekabwa na ngiri. Bingwa alipoulegeza ulitoka mweusi-mweusi, naye akauzungushia gozi, yaani vitambaa vyepesi vya hospitali, zilizolowa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akaweka mikono juu ya shuka na kunyamaza. Nilidhani amechoka. Baada ya dakika kadhaa alifunua gozi, akaniuliza, "Daktari, tunakata au tunarudisha?" Nikajibu kwamba tunakata. Akanionyesha wekundu ulioanza kurudi, mshipa mdogo uliokuwa ukidunda pembeni, na utumbo ukijikunja taratibu alipougusa kwa kidole. Tukaurudisha, sista akahesabu gozi mara mbili, tukafunga.

Kabla sijalala niliandika kwenye logibuku: ngiri iliyokaba utumbo, nilisaidia.