Jibu kwa mdogo wangu wa HGL
Mdogo wangu, umeuliza kama wewe wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) unaweza kuingia kwenye jarida la sayansi na jamii hapo shuleni kwenu Kigoma, au ni la watu wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) tu. Ingia! Wa PCB wanajua fomula, lakini wengi wao kuandika aya mbili zinazosomeka ni mtihani (watanisamehe).

Usiende kwa mhariri mikono mitupu, nenda na habari. Asubuhi moja shuka mwaloni Kibirizi, waulize wavuvi kwa nini mbalamwezi ikiwa kali hawaendi kuvua dagaa. Watakwambia taa zao hazivuti samaki kukiwa na mwanga kila mahali. Hapo umeshapata sayansi. Kisha muulize mama anayeanika dagaa alikula nini Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei 2024. Hiyo ndiyo jamii. Maneno 400 yanatosha.

Sokwe wa Hifadhi ya Gombe waache kwanza, kila mgeni anaanza na hao.

Kama kuandika hupendi, omba kuhakiki takwimu. Ni kazi isiyo na sifa, ila sisi tuliwahi kuchapa kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 14,700 badala ya 1,470. Mwalimu wa jiografia alitucheka muhula mzima. Ila chunga wakati wa mitihani, jarida linakula muda kweli.