Maiti ya Nyota Inayomchoma Mwenzake

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba nyota ya nyutroni ni mabaki ya nyota iliyokwisha kufa, tena ni ndogo mno. Inawezaje basi kumuunguza mwenzake anayeizunguka, aliye mkubwa kuliko yenyewe kwa umbo? Na je, sisi wa Moshi tunaweza kumwona huyo anayeungua?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwamba ni ndogo: upana wake ni kama kutoka Moshi mjini hadi Boma Ng'ombe, ingawa uzito wake unalipita Jua letu. Kinachounguza, hata hivyo, si moto uliobaki ndani yake, bali ni mzunguko wake. Mtazame mnoa visu wa soko la Mbuyuni: akiacha kukanyaga pedali, jiwe huendelea kuzunguka, na ukiligusisha kisu bado litatoa cheche, huku likipungua kasi kidogo kidogo. Ndivyo ilivyo nyota ya nyutroni iitwayo PSR B1957+20: iliyogunduliwa mwaka 1988 kwa darubini ya redio ya Arecibo huko Puerto Rico, hujizungusha zaidi ya mara 600 kwa sekunde moja, na nguvu inayoipoteza kwa kupungua kasi hutoka kama upepo mkali wa chembe na mionzi.

Mwenzake ana uzito wa asilimia 2 au 3 tu ya ule wa Jua, kiasi kisichotosha kuwasha haidrojeni kama nyota kamili. Yuko umbali wa karibu kilomita milioni 2, nasi tuko milioni 150 kutoka kwenye Jua, na humaliza mzunguko mmoja kwa saa 9 na dakika chache. Upande wake unaoelekea nyota hufikia nyuzi 8,000 hivi za Selsiasi, zaidi ya uso wa Jua. Upande wa pili hauzidi 3,000.

Tunajuaje kwamba anaungua hadi kuyeyuka? Katika kila mzunguko, mawimbi ya redio ya nyota hiyo hupotea kwa takriban dakika 50, muda mrefu kuliko ambao mwili wake peke yake ungeweza kuyaziba. Kinachoyaziba ni wingu la gesi linalopeperushwa kutoka kwake. Wataalamu wanaamini kuwa zamani ni yeye aliyeimwagia nyota hiyo maada yake na kuipa kasi hiyo; fadhila ya punda, kweli, ni mateke. Ndiyo maana wameiita mjane mweusi, jina la buibui (mdudu, si vazi) ambaye jike lake husemekana kumla dume.

Kuhusu kumwona, jibu ni hapana, kwa maana mwanga wake ni hafifu mno kwa macho matupu. Lakini jioni za Agosti na Septemba, ukielekea Kilimanjaro na kuinua macho juu sana ya kilele, utaiona Altair, nyota angavu. Kundi dogo la nyota liitwalo Sagitta, alimo mwenzake huyo, liko kando yake upande wa kaskazini.