Saa ya betri mpya inapogoma kutembea

Ndugu, umesema umeibadilishia saa ya mkono ya marehemu baba betri, nayo bado imelala. Usiitupe. Kwanza tazama kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa: kikiwa kimevutwa nje, hata kidogo, saa nyingi za kwatzi (yaani za betri) husimama. Watu hulipa fundi kwa kosa hilo tu.

Kisha pima betri yenyewe. SR626SW, kibetri cha oksidi ya fedha kitumiwacho kwenye saa nyingi za mkono, kikiwa kipya husoma takriban volti 1.55. Vibetri vinavyouzwa kwenye kadi, vyenye maandishi AG4, vinaingia vizuri mahali pake ila ni vya alkali. Volti zake hushuka mapema, na vinavuja. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe pale betri inapokaa, betri ya zamani ilivuja. Futa kwa kijiti cha meno chenye pamba na tone la siki, halafu spiriti, uache ikauke kabisa.

Hapo kando kuna koili, waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Usiiguse! Mimi niliikata ya kwangu kwa ncha ya bisibisi, nikabaki na bangili. Ukipima ncha zake mbili kwa mita ya umeme, koili nzima husoma kiloomu (ohm elfu) moja hadi tatu hivi. Isiposoma kitu, imekatika, na hapo kubadilisha mashine nzima ni rahisi kuliko kuitengeneza.

Saa nyingine za Seiko na Citizen zina kidoa kimeandikwa AC, cha kuianzisha upya saa baada ya kubadilisha betri. Kiunganishe na upande wa juu wa betri kwa kibano cha chuma, sekunde mbili.